Haki ya Sahibu Mwenye Malengelenge, na Mpaka wa Kujihifadhi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Jua, ewe msomaji, ya kwamba machoni mwa watu maradhi yako ya namna mbili. Yako maradhi ambayo mgonjwa wake huzuriwa makundi kwa makundi, akapelekewa uji na matunda, na dua zikasomwa kitandani pake. Na yako maradhi ambayo mgonjwa wake huyaficha hata kwa mama yake mzazi. Malengelenge ya sehemu za siri ni katika namna hii ya pili. Mtu akivunjika mguu, watu huulizana atatembea lini; akitokwa na malengelenge pahali pa siri, watu huulizana aliyapata wapi. Kwa sababu ya swali hilo mgonjwa hunyamaza, hukosa dawa, na hukosa hata mtu mmoja wa kumwambia neno.

Na kwa mfano, kama walivyozoea wanazuoni katika vitabu vyao, mgonjwa ataitwa Amru na sahibu yake ataitwa Zaid. Amru alimjia Zaid baada ya swala ya Isha, akamwambia kwamba daktari amemwona ana malengelenge, na kwamba hana mwingine wa kumwambia. Zaid akampa pole, akamwombea afya, akaahidi kuifunika siri. Siku ya pili kahawa ilipopitishwa barazani, kikombe kikatoka mkononi mwa Amru kikaja kwa Zaid. Zaid akaagiza maji, akakisuuza mara tatu mbele ya watu wote. Watu wakatazamana. Hapakusemwa lolote, walakini siri ilikuwa imekwisha kutoka.

Katika kusuuza huko Zaid alifanya makosa mawili kwa mpigo mmoja. Alimvunjia sahibu yake sitara, wala hakujikinga na kile alichokiogopa, maana kile alichokiogopa hakikuwamo kikombeni. Na asili ya makosa yote mawili ni ujinga wa maradhi yenyewe. Basi yapasa kuyaeleza kwanza.

Malengelenge haya yaletwa na kijidudu kidogo mno, kiitwacho kirusi cha herpesi, nacho kina namna mbili. Namna ya kwanza aghalabu hukaa mdomoni. Ndiyo vile vidonda vidogo vitokavyo pembeni mwa mdomo baada ya homa, ambavyo watu huviona kila siku wala hawavitilii maanani. Namna ya pili aghalabu hukaa sehemu za siri. Walakini namna ya kwanza nayo yaweza kukaa sehemu za siri. Hili ni jambo la kushika sana, nalo litarudi mbele. Kirusi kikiingia katika ngozi laini au ngozi yenye mchubuko, hupanda katika mshipa wa fahamu mpaka kwenye shina lake, kikalala hapo. Huamka mara kwa mara, hasa mtu anapopatwa na homa, au uchovu, au jua kali, au huzuni nyingi. Hutoa malengelenge, kisha hurudi kulala. Hakuna dawa ya kukitoa kabisa mwilini, wala chanjo ya kukizuia haijapatikana. Lakini iko dawa ya kukitia adabu. Nayo ni asaiklovia na ndugu zake, iliyopatikana katika miaka ya 1970. Na Gertrude Elion, mmoja wa wakubwa wa kazi ile, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa hii hufupisha siku za maumivu, na mwenye kuinywa kila siku kwa amri ya daktari hupungukiwa na marudio ya malengelenge.

Wako wasemao kwamba haya ni tego, na kwamba mwenye kutokwa nayo ametegwa na mume wa mtu. Neno hili limewaumiza wengi, kwani humpeleka mgonjwa kwa mganga badala ya tabibu, na humvika uzinifu kabla hajafungua kinywa. Wengine huyachanganya na mkanda wa jeshi. Ule una kirusi chake, ndicho kile cha tetekuwanga; kina udugu na hiki, lakini si hiki.

Tena sikiliza hesabu. Shirika la Afya la Ulimwengu limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani watu 64 katika kila 100, walikuwa na kirusi cha namna ya kwanza. Na watu milioni 520 wa umri wa miaka 15 hadi 49, yaani 13 katika kila 100, walikuwa na cha namna ya pili. Na walio wengi katika hao hawajijui, kwa kuwa hawakupata dalili, au walipata kidogo wakadhani ni upele wa joto. Sasa litazame lile baraza la kahawa. Wameketi watu kumi. Kwa hesabu hii yaelekea sita katika hao wana kirusi cha mdomoni tangu utotoni mwao, na huenda Zaid ni mmoja wao. Aliyekuwa akisuuza kikombe huenda alikuwa nacho mwenyewe.

Ama njia ya kuambukiza ni hii: ngozi yenye kirusi kugusana na ngozi laini ya mwingine, nako ni katika kuingiliana, na kubusiana, na mdomo kugusa pahali pa siri. Hatari ni kubwa zaidi malengelenge yakiwa yametoka, au yanapokaribia kutoka, ambapo mtu huhisi mwasho na mchomo. Lakini hata pasipo dalili yoyote kirusi huweza kutoka kwenye ngozi siku nyingine, na ndiyo sababu watu huambukizana hali hawajui. Na nje ya mwili kirusi hiki ni dhaifu, hufa upesi.

Basi kwa malengelenge ya sehemu za siri, Zaid hana la kuogopa katika kupeana mkono na Amru, wala katika kula naye sinia moja, wala kunywa naye kahawa, wala kukaa naye mkeka mmoja, wala kusimama bega kwa bega naye katika safu, wala kutawadha katika birika moja, wala kutumia choo kimoja. Yote hayo ni salama, na kumkwepa Amru katika mojawapo ni kumwumiza bure.

Zimekuja riwaya mbili ambazo watu wengi hushika moja wakaacha ya pili. Katika moja, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpelekea habari mtu mwenye ukoma katika ujumbe wa Thaqif kwamba baia yake imekubaliwa, naye arejee. Katika nyingine alikula na mwenye ukoma chombo kimoja. Na hii ya pili isnadi yake imesemewa na wanazuoni. Mwenye kushika ya kwanza peke yake humkimbia kila mgonjwa, na mwenye kushika ya pili peke yake huitupa kila hadhari. Na Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mungu amridhie, alipofika Sargh katika njia ya Sham, zama za tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria (639), alishauriana na masahaba kisha akarejea na watu wake, wala hakuona kwamba kurejea ni kuitoroka kadari. Lakini fahamu kwamba Umar alirejea kwa tauni. Hakurejea kwa kuumwa jicho wala kwa jipu. Kila maradhi yana njia yake, na hadhari ni kwa kadiri ya njia ile. Kuyakimbia malengelenge kama ikimbiwavyo tauni ni kumdhulumu mgonjwa kwa jina la hadhari.

Hata hivyo yako machache ambayo Zaid ayahifadhi, na ayahifadhi barabara. Ikiwa Amru ana kidonda kibichi mdomoni, wasishirikiane kikombe wala kijiko siku zile mpaka kidonda kikauke, na kila mtu awe na mswaki wake. Na la mswaki lafaa siku zote. Siku hizo kikombe kitengwe kabla watu hawajakusanyika, na Amru mwenyewe aambiwe kwa upole akitenge, isiwe maonyesho barazani. Ikiwa Zaid amsaidia kuosha au kupaka dawa, avae mipira ya mikono, kisha aoshe mikono kwa sabuni. Na asilishike jicho lake kabla ya kuosha, kwani kirusi hiki kikiingia jichoni huleta kidonda kinachoweza kuharibu uoni. Mwenye mchubuko kidoleni asiguse vidonda kwa mkono mtupu, maana kidole nacho hupata. Wanaoshindana mieleka wajue kwamba mwenye vidonda vibichi asiingie uwanjani, kwa kuwa ngozi yao husuguana.

Na liko jambo moja ambalo watu wa pwani wameghafilika nalo mno, nalo ni mtoto mchanga. Mtoto wa siku chache hana nguvu ya kukipinga kirusi hiki. Kikimpata humshika ubongo na maini, na huweza kumwua. Si jambo litokealo kila mara, lakini likitokea ni msiba. Basi mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto mchanga, awe baba, au babu, au sheikh. Na tahniki, nayo ni sunna, ya kutafuna tende na kumpaka mtoto kaakaani, isifanywe na mtu ambaye mdomoni mwake mna kidonda. Atafutwe mwingine, au tende ipondwe kwa maji safi kwa mikono iliyooshwa, apakwe hiyo. Mzee akikasirika kwa kuambiwa haya, hasira yake itapoa. Mtoto akizikwa harudi. Na ajabu ni kwamba watu wale wale wamkimbiao Amru kwa kikombe, huwapitisha watoto wao wachanga mdomo kwa mdomo siku ya arubaini, wala hawamwulizi mtu hali ya mdomo wake.

Sasa turejeshwe maneno kwenye swali lile la aliyapata wapi. Imekwisha tajwa kwamba namna ya kwanza, ile ya mdomoni ambayo watu wengi huipata utotoni kwa busu la mama au shangazi, yaweza kufika sehemu za siri. Kadhalika kirusi huweza kulala miaka mingi kabla malengelenge hayajatoka mara ya kwanza. Mume aliyeoa mke aliyefiwa au aliyeachwa, na mke aliyeolewa na mume wa namna hiyo, huweza kupata katika ndoa ya halali kabisa. Basi malengelenge si shahidi wa zina. Sharia haikukubali zina ithibiti ila kwa kukiri au kwa mashahidi wanne walioona kwa macho, na mwenye kumsingizia mtu mwema bila hao adhabu yake ni fimbo 80, na ushahidi wake hukataliwa. Mwenye kusema barazani kwamba fulani ana malengelenge kwa hiyo ni mzinifu, na atazame aingiapo. Na Amru mwenyewe, akirudi nyumbani na hasira akataka kumtaliki mkewe kwa kuwa yametoka malengelenge, ni wajibu wa Zaid kumshika mkono na kumweleza haya kabla ulimi haujateleza. Talaka ngapi zimetamkwa usiku mmoja kwa jambo ambalo daktari angelieleza kwa robo saa!

Na kama Amru kweli aliteleza katika haramu? Hilo ni baina yake na Mola wake. Ana mlango wa toba, na aliyesitiriwa na Mungu haifai kujifunua. Zaid si kadhi wa kumhoji.

Ama kumsaidia. Kumzuru mgonjwa ni sunna iliyotiliwa mkazo, wala mafakihi hawakubagua maradhi ya heshima na maradhi ya aibu. Mara ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Huja na homa, na mitoki ya kinena, na maumivu makali wakati wa kukojoa, na huweza kuendelea majuma mawili hata manne. Marudio ya baadaye aghalabu huwa mepesi na mafupi, na huzidi kupungua miaka ikipita. Habari hii Amru aipate mapema, kwa kuwa mgonjwa wa mara ya kwanza hudhani kwamba ndiyo hali yake mpaka kaburini, akakata tamaa. Zaid amshindikize hospitali katika siku za mwanzo, maana dawa hufaa zaidi ikianzwa mapema. Na amshauri apimwe kaswende na UKIMWI pia, kwani vidonda hufanana, na mwenye malengelenge ya namna ya pili huwa mwepesi zaidi kuambukizwa UKIMWI. Ampelekee chakula laini na maji mengi. Kujimiminia maji huku akikojoa hupunguza mchomo. Na hilo si gumu kwa mtu aliyezoea kopo la istinja. Kutia ndimu au chumvi au dawa kali juu ya kidonda kibichi ni kuongeza adhabu. Akishindwa kukojoa kabisa, au akiumwa kichwa sana na shingo kukakamaa, au jicho likiwa jekundu na kuuma, asingoje kesho.

Amru atauliza habari ya ibada yake, kwani wengi huacha msikiti kwa kudhani wamekuwa najisi. Katika madhhab ya Imam Shafi'i, kitokacho katika ngozi mahali pasipo tupu mbili hakitengui udhu. Maji ya lengelenge yasiyobadilika harufu ni tahiri kwa kauli iliyotegemewa na Imam Nawawi katika Minhaj; na usaha ni najisi, lakini kidogo chake kitokacho kwa mgonjwa mwenyewe kimesamehewa. Ila afahamu kwamba akipaka dawa tupu yake kwa tumbo la kiganja pasi na kizuizi, udhu umetenguka kwa kule kugusa. Swala yake ni sahihi, na swala nyuma yake ni sahihi.

Na siri ni amana. Haimhalalikii Zaid kumwambia mkewe, wala ndugu yake, wala kusema kwa fumbo. Kusuuza kikombe ni kusema. Kusogea katika safu ni kusema. Kumwuliza mbele ya watu, wajionaje na yale mambo yako, nako ni kusema.

Masala. Amru ana mke, naye hajamwambia. Je, ni juu yake kumwambia?

Jawabu. Ndiyo, kwa kuwa madhara yataufikia mwili wake yeye. Zaid amsaidie kupanga maneno, na amwambie yale yapunguzayo hatari: kujitenga tangu mwasho uanzapo mpaka ngozi ipone kabisa, kutumia mpira, na kunywa dawa kila siku. Utafiti uliotolewa mwaka 2004 kwa wanandoa na wapenzi ambao mmoja wao ana namna ya pili na mwingine hana ulionyesha kwamba dawa ya valasaiklovia ikinywewa kila siku hupunguza maambukizo kwa karibu nusu. Na mke akiwa mja mzito jambo hili halingoji, kwa sababu mama akiambukizwa mara ya kwanza katika miezi ya mwisho, hatari kwa mtoto wakati wa kuzaliwa ni kubwa. Mkunga na daktari lazima wajue.

Masala. Amru hana mke, amekwenda kuposa, na baba wa binti amemjia Zaid kumwuliza habari zake. Zaid afanyeje, hali ana amana kifuani?

Jawabu. Hapa ndipo amana mbili hukutana. Wako vijana wasemao kwamba malengelenge hayamo katika zile aibu za nikahi zinazojulikana katika madhhab, kama wazimu na ukoma na mbalanga, kwa hiyo mposaji hana wajibu wa kusema. Hoja hii ni dhaifu. Mlango ule wahusu aibu zinazompa mtu hiari ya kuvunja akdi, hauhusu ruhusa ya kumdhuru mtu akiwa hajui. Kunyamaza mpaka binti aambukizwe ni ghushi.

Basi Zaid amwombe yule baba muhula wa siku mbili, asimjibu papo hapo. Aende kwa Amru, amwambie ameulizwa, na kwamba aliye na haki ya kwanza ya kusema ni yeye mwenyewe. Amkumbushe kwamba kusema si kukosa mke. Wako walioambiwa wakakubali baada ya kuelezwa na tabibu, na wako wanawake walio na hali hiyo hiyo wanaongoja mtu wa kuwaelewa. Amru akikubali, Zaid afuatane naye, na jawabu lake kwa yule baba liwe kwamba Amru atakuja mwenyewe kwa maneno.

Akikataa, basi nasaha kwa mwenye kutaka shauri la ndoa ni katika mahali wanazuoni walipohalalisha kutaja lililofichika, wakitoa dalili kwa kisa cha Fatima bint Qais, alipomshauri Mtume juu ya wanaume wawili waliomposa, naye akamweleza hali zao. Lakini ruhusa hii ina kipimo: likitosha neno dogo, kubwa ni haramu. Zaid amwambie yule baba kwamba haoni ndoa hii kuwafaa. Akitosheka, anyamaze hapo. Asipotosheka, amwambie kwamba liko jambo la afya, na kwamba Amru aulizwe mbele ya daktari kabla ya kufunga akdi. Jina la maradhi asilitaje maadamu baba amepata njia ya kulijua kwa mwenyewe, wala asiongeze dhana yake kwamba yalitoka wapi, wala asimweleze mtu wa tatu atakayeuliza kwa nini posa ilivunjika. Wallahu aalam.